Kazi Ipo, Ajira Imetoweka: Viwanda vya Mwambao wa Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini, kwa barabara inayoambaa Ziwa Tanganyika, hupita kiasi cha kilomita 70 kabla ya kuingia Rumonge. Mkono wake wa kulia ni ziwa, mkono wa kushoto ni milima, na baina yake, katika ule ukanda mwembamba wa tambarare uitwao Imbo, ni michikichi. Akifika Gatete, moja ya maeneo ya tarafa ya Rumonge, ataikuta michikichi hiyo imezunguka nyumba za watu, na mara kwa mara atapita penye banda ambamo chikichi zinachemshwa katika mapipa na vijana wanazungusha mashine ya kukamulia mawese. Akishuka mwaloni ataona nyavu, mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili, na akina mama wanaoanika dagaa. Mtu huyo akiambiwa kwamba mwambao huu umepoteza viwanda vyake atashangaa, maana kila amwonaye yumo kazini.

Huo ndio ugumu wa jambo tunalotaka kulichambua. Tumezoea kukitambua kiwanda kilichokufa kwa lango lililofungwa, mitambo iliyoshika kutu na wafanyakazi wanaodai kiinua mgongo. Katika mwambao wa Rumonge samaki bado wanavuliwa na mawese bado yanakamuliwa, pengine kwa mikono mingi kuliko zamani. Kilichotoweka ni ajira: mtu kuandikwa jina lake katika daftari, kulipwa mshahara hata katika siku zisizo na mavuno, kufundishwa kazi na kupanda ngazi kutoka kibarua hadi fundi, na hatimaye kupata akiba ya uzeeni. Kazi imeshuka kutoka kiwandani hadi kwenye banda, na iliposhuka iliwaacha njiani watu ambao hakuna aliyewahesabu. Tuanze na samaki, kwa kuwa habari zao ndizo zinazoeleweka kwa urahisi zaidi.

Kabla ya miaka ya 1950 uvuvi wa dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, ulikuwa kazi ya mtumbwi, mwenge na lusenga, yaani wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu. Usiku wa giza mwenge uliwashwa, dagaa wakaufuata mwanga, nao wakachotwa. Uvuvi huo ulilisha vijiji, na ziada yake iliyokaushwa ilipandishwa milimani kubadilishwa na vyakula vya huko. Katika miaka ya 1950 Wagiriki waliokuwa wamejikita Usumbura, kama ulivyoitwa mji wa Bujumbura kabla ya uhuru wa mwaka 1962, walileta wavu mkubwa wa kuzungushia. Hapo ndipo uvuvi ulipogeuka kuwa kiwanda kwa maana kamili ya neno hilo.

Kilichoitwa chombo kimoja hakikuwa chombo kimoja. Palikuwa na meli ya chuma yenye urefu wa mita 16 hadi 20, boti ya kubebea wavu, na mashua ndogo kadhaa za taa. Jumla ya watu wake ilikuwa kiasi cha 30 hadi 40. Jua likizama msafara huo ulitoka pamoja, na mashua za taa zikatawanywa majini, kila moja na karabai zake na mtu wa kuzilinda. Kazi ya mtu wa taa ilikuwa kungoja. Saa nyingi alikaa katika giza la ziwa lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, akitazama maji yanavyobadilika rangi kadiri dagaa wanavyokusanyika chini ya mwanga wake, na nyuma ya dagaa wakaja samaki wanaowala: mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, na sangala na jamii zake. Wakati ulipowadia nahodha aliuzungusha wavu, kamba ya chini ikavutwa, na mfuko ukafungwa. Nchi kavu walikuwako wengine wasiopanda meli kamwe: washona nyavu, mafundi wa injini, waunda mashua, wapimaji na wachukuzi. Siku za mbalamwezi, ambapo taa ya binadamu haiwezi kushindana na mwezi, vyombo vilitia nanga. Hizo ndizo siku za kuziba nyavu na kupaka rangi, na mtu aliyeandikishwa kwa mshahara alikuwa na haki ya siku hizo kama ya siku nyingine.

Tusiupambe mno wakati ule. Vyombo vilikuwa vya wageni, faida iliondoka na wenye mali, na Mrundi au Mkongo aliyevuta kamba usiku kucha hakuwa na neno lolote katika hesabu za asubuhi. Zaidi ya hayo, nyavu zile ndizo zilizowapunguza upesi wale sangala wakubwa wa upande wa kaskazini, samaki wanaochelewa kukua na kuzaa. Dagaa, ambaye maisha yake hayazidi miaka miwili na ambaye huzaa kwa wingi, alistahimili. Walakini ndani ya mfumo ule usio wa haki palikuwa na jambo ambalo halikupatikana tena baadaye: kijana aliyetoka kijijini bila ujuzi aliweza kuanza katika mashua ya taa akaishia kuwa fundi mitambo au nahodha, na ujuzi wake ulikuwa na bei mahali popote ziwani.

Kilichoiondoa meli ya chuma si sababu moja. Wapo wanaotaja vita peke yake, nao wana haki kwa sehemu. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia katika vita ya miaka mingi. Mapinduzi ya Julai 1996 yalifuatwa na vikwazo vya nchi jirani, ambavyo havikuondolewa mpaka Januari 1999. Uvuvi huu ni kazi ya usiku, na katika miaka ile usiku wa ziwani ulikuwa mali ya wenye bunduki. Serikali ilipoona silaha na wapiganaji wanavuka maji, ilipiga marufuku uvuvi wa usiku mara kadhaa kwa sababu za usalama. Meli inayoungua mafuta na kulisha watu 40 haiwezi kukaa gatini miezi kadhaa ikabaki na uhai.

Hata hivyo, mporomoko ulianza kabla ya risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hiyo hiyo, wataalamu wa uvuvi walikuwa wameleta chombo kingine, kidogo na cha bei nafuu: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na kati yake wavu unaoshushwa chini ya taa kisha kuinuliwa. Kiliendeshwa na watu wachache tu. Katika miaka ya 1980 kikaongezewa ukubwa, na wavuvi wa Burundi, ambao hawakukosa habari za dunia, wakakipa jina la Apollo kwa kukumbuka safari za Wamarekani mwezini. Chombo hicho kilivua samaki wale wale katika maji yale yale bila deni la meli ya chuma wala bei ya vipuri kutoka nje. Hatimaye mukeke na dagaa wa kaskazini walipopungua, hesabu ya mwenye meli haikulingana tena. Mapema katika miaka ya 1990 baadhi ya wenye vyombo wa Burundi walikwisha kuzihamishia meli zao kusini, Mpulungu nchini Zambia, ambako mukeke walikuwa wangali wengi.

Kuhusu kupungua huko, sayansi imesema jambo ambalo halina budi kutajwa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, upepo umepungua, na kwa hiyo maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulishuka kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kupunguza samaki kwa kiasi cha asilimia 30. Wataalamu wengine walipinga, wakisema kuwa uvuvi wenyewe na mabadiliko ya vyombo yanatosha kueleza upungufu huo. Sisi tusio wataalamu hatuwezi kuamua shauri hilo. Tunachoweza kusema ni kwamba mvuvi wa Rumonge anaumizwa na yote mawili, na mojawapo halikutengenezwa na yeye.

Je, wale watu 30 au 40 wa kila chombo walikwenda wapi? Wachache waliifuata meli Zambia. Waliobaki waligawanyika katika Apollo na vyombo vidogo, na hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea bila tangazo lolote. Katika chombo kidogo hakuna mshahara. Mwenye chombo hutoa kwanza gharama za usiku ule, yaani mafuta ya injini, taa na chakula. Kinachobaki hugawanywa kati yake na wavuvi kwa mafungu. Usiku usio na samaki hauna fungu. Wavu ukipasuka hakuna mshona nyavu wa kudumu, na mvuvi akiugua anamwachia mwingine nafasi. Chombo kile kile kinachosifiwa, kwa haki, kuwa kinaajiri watu wengi zaidi kwa kila tani ya samaki, hakimwajiri mtu hata mmoja kwa maana ambayo shirika la INSS la Bujumbura, linalosimamia akiba za uzeeni za wafanyakazi, lingeitambua.

Wingi wa watu hao unatisha. Hesabu ya wavuvi wa nchi zote 4 zinazopakana na ziwa, iliyofanywa mwaka 1995, ilipata wavuvi wapatao 45,000. Ile ya mwaka 2011 ilipata zaidi ya 90,000. Kwa miaka 16 idadi iliongezeka maradufu, ilhali ziwa halikuongezeka. Katika lugha ya takwimu hiyo huitwa kukua kwa sekta. Kwa maoni yetu ni ushahidi kwamba ziwa limekuwa kimbilio la wale ambao milango mingine imefungwa mbele yao.

Mawese yana historia ndefu kuliko nyavu za Wagiriki, na yenye maumivu makubwa zaidi. Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliukuta mchikichi ukisitawi kando ya ziwa na mawese yakiuzwa sokoni. Hapa nchini wapo wazee wa Kigoma wanaopenda kusimulia kwamba Wamalaysia walichukua mbegu za mchikichi kwetu wakatajirika. Simulizi hilo ni tamu, lakini ukoo wa michikichi ya Asia unajulikana vizuri: ulianzia katika miche 4 iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, miaka 10 kabla Burton hajaliona ziwa. Somo la Malaysia halimo katika mbegu. Limo katika jinsi shamba na kiwanda vilivyofungamanishwa, na hilo ndilo fundo ambalo Rumonge ilijaribu kulifunga likafunguka.

Ili msomaji alielewe fundo hilo, hana budi kujua tabia ya chikichi. Mkungu ukishakatwa, tunda huanza kuharibika. Lisipopikwa kwa mvuke ndani ya siku moja au mbili, mafuta yake huchachuka na bei yake hushuka. Kwa sababu hiyo kiwanda kikubwa cha mawese hakiwezi kuishi kwa matunda yanayofika yakipenda. Kinahitaji mikungu ifike kila siku, kwa kipimo, kwa barabara zinazopitika. Kwa upande mwingine, kiwanda kikipata mikungu ya aina ya tenera, ile yenye kokwa la ganda jembamba ambayo siri ya uzao wake ilifumbuliwa na watafiti wa Yangambi, Kongo, mwaka 1941, kinaweza kutoa mafuta yenye uzito wa moja ya tano ya mkungu. Banda la kijijini, likitumia mapipa, kuni na mashine ya kuzungusha kwa mikono, na mara nyingi matunda ya mchikichi wa kienyeji wenye ganda nene, hupata kiasi cha nusu ya hapo. Mafuta mengine hubaki katika makapi.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ya Burundi iliamua kufuata njia ya kiwanda. Shirika la maendeleo la mkoa, lililojulikana kwa herufi za SRD Rumonge, lilipanda michikichi ya mbegu bora katika tambarare, likagawa vipande kwa wakulima, na mikungu ikakusudiwa kwenda katika mtambo wa kukamulia. Baadaye usimamizi wa zao ukaangukia ofisi ya mafuta ya mawese, OHP. Kwa watu wa Rumonge mpango huo ulileta kazi ambazo hazikuwako: madereva wa malori ya mikungu, wapima uzito, mafundi wa mvuke, makarani, walinzi wa vitalu vya miche. Mkulima naye alipata mbegu, ushauri na mahali pa kuuzia.

Lakini tuulize: michikichi hiyo ilipandwa juu ya ardhi ya nani? Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka katika mwambao huu huu, Rumonge na Nyanza-Lac, na mamia ya raia wa Kitutsi wakauawa. Kisasi cha utawala wa Michel Micombero kilienea nchi nzima na kuangamiza Wahutu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki 1 na laki 3, hasa wenye elimu. Maelfu kwa maelfu ya watu wa mwambao walivuka ziwa na mpaka. Sisi wa Tanzania tunawafahamu, maana ndio waliofyeka misitu ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo, ambayo leo iko mkoani Katavi. Nyuma yao mashamba yalibaki bila wenyewe. Sehemu yake iligawiwa watu wengine, na sehemu ikaingizwa katika mashamba ya mpango wa michikichi. Kwa hiyo fundi wa mvuke aliyeajiriwa kihalali kabisa Rumonge alikula mshahara uliotokana na shamba ambalo mwenyewe alikuwa akilima tumbaku na mahindi Ulyankulu. Fundi huyo hakuwa na hatia, lakini jambo lenyewe lilikuwa hivyo.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 iliongeza ugumu, kwani ilimruhusu mtu aliyekaa juu ya ardhi kwa miaka 30 kudai kuwa ni yake. Na kutoka 1972 hadi 2002 ni miaka 30 kamili. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali zao. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Padri Astère Kana, mara nyingi pande mbili zilishauriwa kugawana shamba; baada ya mwaka 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, tume ilielekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko mashauri hayo yalikotokota kuliko kwingine. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na huzaa kwa zaidi ya miaka 20. Mtu asiyejua kama shamba litakuwa lake mwaka ujao hang'oi mti mzee ili apande mche mpya. Anavuna kilichopo na kuuza leo.

Na kuuza leo ndiko kulikokiua kiwanda, ama tuseme ndiko kulikokinyima chakula. Mabanda ya kukamulia yaliongezeka kila upande. Lori la kiwanda lina siku yake, mzani wake, karani wake na malipo yake ya mwisho wa mwezi. Mwenye banda yuko umbali wa hatua 100, analipa fedha taslimu, na akipenda mkulima anakamuliwa chikichi zake mwenyewe kwa ujira mdogo, akarudi nyumbani na mawese, makapi ya kuwashia moto, na mise ya kuuza. Kwa kipimo cha taifa, banda ni upotevu, kwa kuwa linaacha mafuta mengi katika makapi na linakula kuni za milimani. Kwa kipimo cha mkulima mwenye mtoto wa kulipiwa ada ya shule Jumatatu, banda lina akili kuliko kiwanda. Waandishi wengi wa habari za uchumi humlaumu mkulima kwa kukosa nidhamu ya soko. Sisi hatuoni ni nidhamu gani ingemtaka akopeshe kiwanda mikungu yake kwa mwezi mzima, tena bila riba.

Kwa hiyo mtambo ulikosa mikungu, na ulipokosa mikungu haukuwa na kazi ya kuwapa mafundi wake. Ujuzi wa mvuke na mashinikizo si ujuzi wa kuhamishia shambani. Tofauti na nahodha aliyeweza kuifuata meli Mpulungu, fundi wa kiwanda cha mawese hana pa kuufuatia mtambo wake. Baadhi ya ujuzi huo umeingia katika mabanda, ambako sasa injini ndogo zinaendesha mashine zilizokuwa zikizungushwa kwa mikono, na huenda hiyo ndiyo faida pekee iliyobaki. Wanaofanya kazi ya kuchemsha na kukamua hulipwa kwa pipa. Wakimwagikiwa na mafuta ya moto, gharama za hospitali ni zao.

Pamba tutaipitia kwa haraka, si kwa sababu haina maana, bali kwa kuwa kisa chake kinafanana na vingine vingi vya Afrika Mashariki. Wakulima wa Imbo waliilima kwa ajili ya kampuni ya COGERCO, iliyoanzishwa mwaka 1947, na nyuzi zake zikalisha kiwanda cha nguo cha COTEBU mjini Bujumbura, kilichojengwa kwa msaada wa China. Vita, mitumba na madeni vilikiangusha katika miaka ya 2000, na kampuni ya Afritextile ikaja kuchukua mahali pake. Kule walau lango lilifungwa mbele ya macho ya watu, na waliopoteza kazi wakajulikana kwa majina.

Tofauti hiyo ya kujulikana na kutojulikana ina matokeo leo hii. Mkataba wa kulisimamia Ziwa Tanganyika kwa pamoja ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura. Nchi 4 wanachama zilikubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi 3 kila mwaka ili samaki wazaliane, na upande wa Tanzania shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Hatuna sababu ya kuupinga mpango huo. Ziwa linahitaji kupumzika, na miezi hiyo ya upepo wa kusini ina maana yake katika kupandisha rutuba. Lakini miezi 3 bila fungu ni miezi 3 bila chakula kwa mtu asiye na mshahara. Meli ya zamani ingefungwa, mwenyewe angekuwa na daftari la watu wake, na Serikali ingejua nani wa kudaiwa na nani wa kulipwa. Sasa atafutwe nani? Mwenye Apollo ataandikwa, kwa kuwa chombo chake kina namba. Wanaovuta wavu wake hubadilika kila mwezi, na baadhi yao wamevuka kutoka Kongo.

Ziwa lenyewe nalo limekuwa likiwasogeza watu. Mvua za miaka iliyofuata 2018 ziliyapandisha maji mpaka, kufikia mwaka 2024, yakazifunika nyumba na fukwe za Rumonge na za sehemu nyingine za mwambao. Ufuko ndio kiwanda cha muanika dagaa. Anahitaji mchanga mkavu au vichanja na jua la siku moja au mbili. Maji yakiufunika mchanga wake, hana mwajiri wa kumwambia ahamie wapi, wala hakuna ofisi inayomdai taarifa ya hasara aliyoipata.

Hapa Tanzania, tangu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoanzisha mwaka 2018 juhudi za kulifufua zao la mchikichi mkoani Kigoma, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya tenera kwa ajili ya wakulima. Miche hiyo inapoanza kuzaa, Kigoma itakabiliwa na lile lile lililoikabili Rumonge: mkungu usioweza kungoja, kiwanda kisichoweza kungoja, na mkulima ambaye hata yeye hawezi kungoja malipo. Ni heri maofisa wetu wavuke mpaka mapema wakaone. Wasiende kutazama mitambo peke yake. Wazungumze na wenye mabanda na kuwauliza wanalipaje siku hiyo hiyo, na kama kiwanda kinaweza kujengwa kikiwa mali ya wenye mabanda hao kwa ushirika badala ya kujengwa dhidi yao. Wazungumze pia na wale waliokuwa mafundi wa mvuke na wapima uzito kabla hawajazeeka wote, maana wao ndio wanaokumbuka ni wiki ipi mikungu ilianza kupungua na ni kwa sababu gani.

Kwa upande wa Burundi, mageuzi ya utawala ya mwaka 2025 yamepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5. Rumonge, iliyokuwa na mkoa wake tangu 2015, imo sasa katika mkoa mpya wa Burunga, na tarafa zake zimepangwa upya. Mpangilio mpya huhitaji madaftari mapya: ya kodi, ya wapiga kura, ya mashamba. Hesabu za uvuvi kama zile za 1995 na 2011 huandika vyombo, nyavu, injini na wavuvi wa kila mwalo. Muanika dagaa wa Rumonge hana safu katika fomu hiyo, wala mchemsha chikichi wa Gatete hana fomu yoyote, na makarani wa Burunga wataanza kuhesabu karibuni.